Mtaro Uliosimama Asubuhi: Maelezo kwa Mafundi na Wakazi wa Mji wa Kale Kabla ya Masika



Masika yako karibu, na kwa kawaida Mei ndio mwezi ambao Mombasa hupata mvua nyingi zaidi. Mtaro wowote wa bomba au wa nyaya utakaokuwa wazi wakati huo katika vichochoro vya Kibokoni au Ndia Kuu utakuwa hatua moja tu kutoka ukuta wa nyumba ya mtu.

Kila mwenyeji anajua kwamba kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo. Lakini chini ya vichochoro kuna pia mchanga, na kifusi cha nyumba zilizobomoka vizazi kwa vizazi. Fundi akichimba hapo hukuta ukingo wa mtaro umesimama wima kama umepigwa lipu. Husema udongo huu ni mgumu, kisha humwambia kibarua ashuke.

Udongo huo si mgumu. Umeshikwa na maji.

Watoto wanaocheza ufuoni wanalijua jambo hili. Mchanga mkavu haujengi nyumba, hutiririka tu. Mchanga uliozama majini haujengi pia. Ni ule wenye unyevu kidogo ndio unaosimama. Kati ya punje na punje hukaa tone dogo la maji, na uso wa tone hilo hujikunja na kuzivuta punje zikaribiane. Ni nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi, na wahandisi huyaita maji hayo maji ya kapilari. Kwenye mrija wenye upana wa nusu milimita, maji hupanda sentimita 6 hivi. Mrija wa sehemu moja ya kumi ya milimita huyapandisha karibu sentimita 30. Nafasi zikiwa ndogo, mvuto huwa mkubwa.

Katika miaka ya 1920 Karl Terzaghi alionyesha kwamba nguvu ya udongo hutegemea jinsi punje zinavyobanana, si uzito wote ulio juu yake. Maji yakijaa kila nafasi, shinikizo lake huzisukuma punje ziachane. Yakiwa machache, huzivuta. Mwaka 1959 Alan Bishop wa London alipendekeza hesabu ya hali hiyo ya katikati, ambayo ndiyo hali ya mchanga mwingi wa vichochoroni.

Mvuto huo ni mkubwa kiasi gani? Ule wa sentimita 30 ni sawa na kilo 300 hivi kwa kila mita mraba. Mtu atasema ni nyingi, lakini ni uzito wa tabaka la mchanga lenye unene wa sentimita 20 tu. Huo ndio msaada anaoutegemea kibarua aliye ndani ya mtaro wa kimo cha kifua, huku mita moja ya ujazo ya mchanga ikipita tani moja na nusu.

Tena msaada huo huondoka kwa njia mbili. Jua la mchana na upepo hukausha ukingo, punje zikaanza kuporomoka. Au mvua hunyesha, au bomba bovu la jirani huvuja, nafasi zikajaa na mvuto ukaisha papo hapo. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haitoi onyo. Mtaro uliosimama asubuhi waweza kumfukia mtu alasiri, na ukuta wa mawe na chokaa ulio kando yake ukapoteza mchanga uliokuwa ukiuegemeza.

Kwa hiyo kingo zizuiwe kwa mbao na nguzo kabla mtu hajashuka, hata zikionekana imara. Mchanga uliochimbuliwa usirundikwe ukingoni. Mtaro uchimbwe vipande vifupi, kila kipande kifukiwe na kushindiliwa kabla ya kufungua kingine, na mvua ikianza kila mtu atoke. Maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hivyo kibali kiombwe kabla ya sururu ya kwanza. Mwenye nyumba anayeona ufa mpya karibu na mtaro aripoti kwa ofisi ya kaunti siku hiyohiyo, na watu wasilale chumba cha upande huo hadi ukuta ukaguliwe.