Orodha ya Vyuo Iwe ya Kweli

Kalamu ziwe tayari.

Somo letu leo ni juu ya kitabu cha mwongozo wa masomo ya mbali. Masomo ya mbali ni yale ambayo mwanafunzi hujifunza akiwa kwake, na mwalimu yuko mahali pengine. Chuo Kikuu cha London kilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1858. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Zamani masomo yalikuja kwa posta. Siku hizi mengi huja kwa intaneti.

Labda mtauliza: sisi tunaojifunza kusoma, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Kesho mwanao atakuletea mwongozo na kusema, "Baba, tuchague chuo." Ada itatoka katika korosho zako au mbuzi wako. Mtu aendaye chuoni kwa miguu huyaona majengo, huwauliza wanafunzi. Asomaye mbali huiona orodha tu. Orodha ikikosea, hana kitu kingine cha kumwonya. Fedha zitapotea, na miaka yake pia.

Orodha huharibika kwa njia tatu.

Kwanza, majina hubadilika. Mwaka 1961 kilifunguliwa chuo Dar es Salaam chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo ni kile kile. Basi mtunza orodha asilifute jina la zamani. Aliandike kando ya jina jipya, pamoja na mwaka. Yuko mzee mwenye cheti chenye jina la zamani, naye ana haki ya kutambuliwa.

Pili, majina hufanana. Uingereza kuna Chuo Kikuu Huria. Tanzania kuna Chuo Kikuu Huria. Kenya nako kilipewa hati yake mwaka 2023. Orodha isiyotaja nchi humpoteza msomaji. Na orodha iliyopigwa chapa kabla ya mwaka huo haiwezi kukitaja kile cha Kenya.

Tatu, kibali hutolewa, na pia huweza kuondolewa. Kibali hicho huitwa ithibati. Tangazo zuri si ithibati. Tanzania, wa kuulizwa ni Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa mwaka 2005. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Sasa tufanye nini? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila darasa liwe na daftari lake la vyuo. Pigeni mistari, mwandike: jina la chuo, nchi, ithibati, masomo, ada, mahali pa kufanyia mtihani. Kisha ongezeni vitu viwili ambavyo watu wengi husahau: tarehe ya kuuliza, na jina la aliyeuliza. Bila tarehe, msomaji hajui kama habari ni ya jana au ya miaka kumi iliyopita. Habari itoke kwa chuo chenyewe na kwa tume, isitoke katika orodha nyingine. Maana anayenakili orodha hunakili na makosa yake. Kila mwaka, kabla ya muda wa kuomba nafasi, ulizeni upya. Chuo kilichofungwa kipigieni mstari, mwandike mwaka, lakini msikichane.

Kazi hii haihitaji msomi. Yahitaji mtu mwaminifu anayejua kusoma na kuandika, na nyinyi mmekwisha kuanza kujua.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini jina la zamani lisifutwe?
2. Ni nani wa kuulizwa juu ya ithibati nchini Tanzania?
3. Kwa nini tunaandika tarehe?

Kwaherini, hata kipindi kijacho.