Gari la turbo na kipato chetu

Mazungumzo ya mratibu wa miradi wa dayosisi na kamati za sharika pamoja na wafadhili, Tabora



Wengi mmeniuliza gari la mradi wa nyuki liko wapi. Liko gereji. Injini ilikufa tukirudi kutoka Sikonge, na wafugaji nyuki wa vijiji vitatu walikosa mafunzo msimu mzima. Fundi alipoifungua alikuta beringi za turbo zimekwisha na pistoni moja imepasuka. Dereva amelaumiwa sana, lakini tuliolichagua ni sisi. Lilikuwa mtumba wa bei nafuu, lina nguvu, tukafurahi.

Nilitendee haki kwanza. Turbo hutumia moshi wa ekzosi kuzungusha feni inayosindilia hewa ndani ya injini. Hapa Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na injini ya kawaida hupungukiwa nguvu. Ya turbo haisumbuki sana. Si injini mbovu, ila inadai matunzo.

Feni hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikitegemea utando mwembamba wa oili. Oili ikizeeka huganda na kuziba njia yake. Baadhi ya Subaru za turbo za miaka ya 2000 zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili, nacho kikiziba turbo hukauka. Letu ni la aina nyingine, lakini ugonjwa ni uleule. Ilitakiwa tubadilishe oili kila kilometa 5,000. Sisi tulibadilisha fedha ilipopatikana.

Halafu petroli. Nyingi za injini hizi zilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani inayokaribia 100. Tangu 2010 mafuta nchini huwekwa vinasaba ili kuzuia uchakachuaji, lakini ile ya chupa tunayonunua vijijini nani anaipima? Petroli dhaifu huwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inapasuka. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya bati unapopanda kilima, punguza mwendo.

Na kuzima. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo walipumzika Kwihara kabla ya kushika njia ya Ujiji, lakini sisi tulifika mbio na kuzima papo hapo, oili ikaungulia ndani ya turbo yenye moto. Dakika moja au mbili za kuiacha iungurume zingetosha.

Ndugu wafadhili, mmetununulia magari kwa ukarimu, lakini fungu la oili, chujio za hewa na mafuta safi halimo katika bajeti. Naomba liingie. Kwa kamati, pendekezo langu ni kuliuza hili likishatengenezwa na kutafuta lisilo na turbo, hata kama litapanda vilima polepole. Mtunza hazina anayo karatasi ya bei; tuipitie kabla ya chai.