Ukubwa wa Familia na Haki ya Kila Mtoto Kusoma



Ndugu wapendwa, mvua zinapokuwa haba hapa Dodoma, na uwele ukaisha ghalani kabla ya mavuno, mzazi mwenye watoto saba hulazimika kuchagua. Nasi tumezoea kuona achaguavyo: mvulana mmoja hubaki darasani, nduguye hutumwa kuchunga ng'ombe, na dada yao hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani.

Ni kweli, ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Lakini sare, madaftari na nauli bado hutoka mfukoni mwa mzazi; na anayekwenda kujifunza useremala au umeme huhitaji vifaa pia. Mzigo huo kwa watoto wawili si sawa na kwa watoto saba.

Kanisa lafundisha kwamba kila mtoto ni zawadi ya Mungu, hakuna aliyezidi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwataka wazazi wazingatie mema ya watoto waliozaliwa na watakaozaliwa, pamoja na hali yao ya maisha. Papa Paulo VI alikazia wajibu huo mwaka 1968 katika Humanae Vitae, akikubali kupanga uzazi kwa njia za asili palipo na sababu za haki. Uamuzi huo ni wa mume na mke pamoja. Si wa baba peke yake, wala si wa ukoo.

Hata hivyo, tusiitupie idadi lawama yote. Zipo familia kubwa ambamo wakubwa waliosomeshwa waliwavuta wadogo. Zipo pia ndogo ambamo fedha ya daftari huishia kilabuni. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, majengo yameota kama uyoga. Kijana asiye na ufundi hubeba zege tu, siku kwa siku.

Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: ni mtoto gani kwetu ameachishwa masomo ili mwenzake asome? Tumtaje, tuwatembelee wazazi wake, nasi tuchangie kumrudisha. Haki huanzia nyumbani.