Tuwape Watoto Wetu Ufunguo



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Wenzetu wamekwishaeleza habari za hisa na mikopo. Sisi tumepewa dakika chache tuseme juu ya watoto wetu waliofikia ujana, na namna ya kuwajengea moyo wa kujithamini ili wachague mema.

Tuanze na sisi wenyewe. Mnakumbuka siku tulipogawiwa vitabu vya hisa? Tulikuwa tumelima maharage na mihogo miaka nenda rudi, lakini fedha ilishikwa na mwingine. Siku ile kila mama alifungua kitabu akaona jina lake, na muhuri wa hisa aliyonunua mwenyewe. Wenzetu watatu wakakabidhiwa funguo tatu za sanduku, kila mmoja wake. Hakuna aliyetuhubiria habari za kujiamini. Tulipewa dhamana, nasi tukajiona watu.

Je, mtoto wa miaka 14 nyumbani kwetu amepewa nini? Mara nyingi ni ndoo, jembe na matusi. "Wewe huna akili." Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini wengine tumekunja mpaka tumevunja.

Tuna la kukiri mbele yenu. Mwaka 2019 binti wa mwenzetu, akiwa kidato cha pili, alipata mimba. Tulimsema kisimani, tukamsema hata kwenye mkutano wetu, mama yake akiwa amekaa pale pale. Novemba 2021 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Joyce Ndalichako, Mbunge wa Kasulu Mjini wakati huo, iliruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za Serikali. Tukamfuata yule binti tukamwambia, nenda. Akajibu, "Si nyinyi mliosema mimi si wa shule tena?" Hakwenda. Serikali ilifungua mlango, kumbe sisi tulikwishaufunga.

Tangu hapo tulibadili mwendo. Tuliwaita watoto wetu, wa kike na wa kiume, waje kwa zamu kutusaidia kuhesabu fedha na kusoma daftari kwa sauti. Binti mmoja wa miaka 15, ambaye kwao aliitwa mzito wa kichwa, alisema tumekosea shilingi 2,000. Tulirudia hesabu mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tukampigia makofi. Miezi michache baadaye mtu mzima mmoja alimpa simu kwa siri. Aliipeleka kwa mama yake bila kuulizwa. Hatusemi makofi peke yake yalitosha. Tunasema mtoto anayesikilizwa siku ya hesabu, atasema pia siku ya hatari.

Na wavulana tusiwasahau. Aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba hajashindwa maisha. Mpe kipande cha shamba alime, auze, na fedha yake isiguswe na mtu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto akikosea, tukemee kosa, tusimtukane yeye, tena tusifanye hivyo mbele za watu. Pili, kila mtoto apewe jukumu la kweli, na akilitimiza aambiwe. Tatu, akianguka, asikute sisi ndio tuliokalia mlango.

Yule binti wa 2019 bado tunamfuata. Ipo njia ya kusoma sekondari nje ya mfumo rasmi, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Safari hii hatukuanza kwa kumwambia nenda. Tulianza kwa kumwomba radhi. Hajatupa jibu, lakini alitukaribisha tukae.