Cha bure kina mlipaji wake



Juma lililopita nilikuwa Chanika, pale Handeni mjini, nikisubiri gari la kwenda Korogwe. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikampa kijana mmoja anayeuza vocha na kutengeneza simu anisaidie kuisafisha. Akiwa anapekuapekua akasita, akanitazama kama mtu aliyepokea noti bandia.

"Mzee, hii programu ya kurekodi sauti umeinunua?"

Nikamjibu ndiyo, kwa shilingi elfu kumi na nne. Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Wakati za bure zimejaa! Mzee, wamekupiga."

Gari lilifika kabla sijamjibu. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi, na njia nzima nilikuwa nikilitunga jibu lake. Leo naomba nimpe, nawe usikilize.

Programu ile niliinunua baada ya kuadhibiwa na ya bure. Nilikwenda katika kijiji kimoja cha Korogwe, kando ya mashamba ya mkonge, kumrekodi babu mmoja aliyekaribia miaka tisini. Aliletwa huko akiwa kijana, katika miaka ya 1950, kuwa manamba, yaani kibarua aliyejulikana kwa namba kuliko kwa jina. Akanieleza habari za kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, na jinsi siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa ilivyokuwa haiandikwi. Alizungumza karibu saa nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta dakika kumi tu. Baada ya hapo programu ilikuwa imesimama na kuniandikia kwamba nikitaka kuendelea, nilipie.

Nilirudi kwake baada ya siku chache. Alinipokea vizuri, akasimulia tena, lakini safari hii kwa kifupi, kama mtu anayejibu maswali ya karani. Yale ya mara ya kwanza hayakurudi. Basi kijana wangu wa Chanika, hiyo elfu kumi na nne ningeitoa mara tatu kama ingeweza kunirudishia ile saa moja.

Ya pili ninayoilipia ni ramani iitwayo OsmAnd. Toleo lake la bure lina kikomo cha ramani unazoweza kupakua. Ukilipa, kikomo kinaondoka. Ramani ikishaingia hukaa ndani ya simu na kukuonyesha njia hata pasipo na intaneti. Anayeishi mjini anaweza kuiona si kitu. Lakini ukiingia vijiji vya ndani vya Handeni, mtandao ukakatika na jua linazama, utajua thamani yake.

Ya tatu si yangu. Ni ya mama mmoja mwenye duka la rejareja Manundu, Korogwe, anayelipia kila mwezi programu ya kuandika mauzo na madeni. Nilipomuuliza kama haoni hasara, akanijibu kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Akaongeza kwamba deni moja analolikumbushwa na simu hulipa ada ya mwezi mzima. Hapo sikuwa na la kubisha.

Swali la kujiuliza, ndugu msikilizaji, ni hili: hizo za bure, nani anazilipia? WhatsApp wakati fulani ilikuwa ikitoza senti 99 za Dola kwa mwaka. Mwaka 2014 Facebook ilikubali kuinunua kwa Dola bilioni 19, na Januari 2016 ada ile ikafutwa. Hakuna anayetoa bilioni 19 ili agawe sadaka.

Kuna za bure ambazo ni ghali zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila leseni. Kupakua programu za namna hii ni bure. Lakini zipo zinazoomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo kwenye simu yako, nawe unabonyeza kukubali kwa kuwa una shida. Siku ukichelewa kulipa, habari zako zinamfikia mwajiri, shemeji na mkwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ipo kwa ajili ya kukulinda. Lakini aibu ikishamfika mkwe, sheria haiirudishi.

Sisemi kila cha bure ni mtego. Ipo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani la muhogo akaambiwa kama lina batobato au michirizi ya kahawia, hata bila mtandao. Ugonjwa huo wa michirizi ulielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha Amani, huku huku mkoani Tanga. Nuru ni bure kwa mkulima kwa sababu wapo wengine wanaogharimia utafiti, na wanajulikana. Hiyo ndiyo tofauti.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: inafanya kazi mtandao ukikatika? Unalipa mara moja au kila mwezi? Kama ni kila mwezi, inakuingizia nini kila mwezi? Jaribu upesi, maana duka la Google hupokea maombi ya kurudishiwa pesa ndani ya saa 48 baada ya kununua. Na kabla ya kupakua cha bure, uliza jambo moja tu: kwa nini kinataka namba za ndugu zangu?

Babu yule wa mkonge, nilipokuwa nikimuaga, alisema shambani kwao hapakuwa na cha bure, hata posho ilikuwa na hesabu yake. Maneno hayo ninayo. Niliyarekodi kwa ile ya elfu kumi na nne.

Hadi juma lijalo, kwaherini.