Viti Vitupu Barabara ya Jogoo

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Matendo ya Mitume 8:26-39

Huenda baadhi yenu mwatusikiliza mkiwa jikoni, mkinywa chai ya haraka haraka. Wengine mko tayari ndani ya motokaa, nayo motokaa imesimama, wala haijulikani itasonga saa ngapi. Wengine mwasikiliza redio ya matatu, mmebanana, mkoba u magotini. Popote mlipo, karibuni tutafakari kwa dakika chache juu ya safari hii ya kila asubuhi, ya kutoka mitaa ya Eastlands kwenda mjini kati.

Safari hii twaijua sana. Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri magari hutoka Kayole, Komarock, Umoja, Donholm na Buruburu. Huingia Barabara ya Jogoo, kisha hutambaa polepole kupita Makadara, Maringo na Kaloleni hadi mzunguko wa City Stadium. Kutoka hapo ni Barabara ya Landhies, ni Muthurwa, ndipo mji. Jioni hurudi vile vile, na taa za nyuma huwaka nyekundu kama mkufu mrefu usio na mwisho.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu akitumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, hizo ni saa tatu kwa siku. Kwa siku tano za kazi ni saa kumi na tano. Akifanya kazi majuma 48 kwa mwaka, jumla ni saa 720, yaani siku 30 kamili, usiku na mchana. Mwezi mzima wa kila mwaka aliopewa na Mungu, mtu huyu ameukalia kwenye kiti cha gari. Wala si Wakenya tu wanaolalamika bure. Mwaka 2011 kampuni ya IBM iliwauliza madereva wa miji 20 ya dunia juu ya taabu ya kwenda kazini, na Nairobi ikawa ya nne kwa taabu, baada ya Mexico City, Shenzhen na Beijing.

Tangu wakati huo barabara nyingi zimepanuliwa. Barabara ya Thika ilifunguliwa upya mwaka 2012 ikiwa pana sana. Outer Ring nayo ikapanuliwa. Mwaka 2022 ikafunguliwa ile barabara ya kulipia, ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27. Twashukuru kwa kazi hiyo yote. Lakini mwenye kukaa Umoja atawaambia kwamba asubuhi ya Jumatatu bado ni asubuhi ya Jumatatu.

Sasa, ndugu, tutazame jambo moja ambalo twalipita kila siku bila kulitazama. Wakati foleni imesimama, hesabuni magari ishirini yaliyo mbele yenu. Kisha hesabuni watu walio ndani. Mara nyingi mtakuta kila gari lina mtu mmoja, dereva peke yake, na viti vitatu au vinne vitupu. Watu ishirini wameijaza barabara kwa zaidi ya mita mia moja, nao wote wangeweza kuketi katika matatu moja, na nafasi ikabaki.

Halafu geuzeni macho kando ya barabara. Pale kituoni wamesimama watu. Mvua ikinyesha nauli hupanda, wala mshahara haukupanda. Yuko kibarua anayekwenda viwandani, ambaye akichelewa lango hufungwa, na siku hiyo nyumbani hakuna unga. Yuko mama wa Marikiti ambaye asipofika mapema mboga nzuri zimekwisha kuchukuliwa. Yuko mwanafunzi aliye na mtihani. Na nyuma yao wako wengi wasiosimama kituoni hata kidogo, kwa kuwa nauli hawana. Wao hutembea kwa miguu, safu ndefu, wakiruka madimbwi.

Mitaa yetu ina historia yake katika jambo hili. Kaloleni, Makongeni na Bahati ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Waafrika wafanyao kazi, karibu na reli na viwanda, ili mtu aende kazini kwa miguu. Wazee waliokaa mitaa hiyo wakumbuka jinsi watu walivyotembea makundi makundi asubuhi, wakizungumza, wakijuliana hali. Mji ulipokua, wakazi wakasogea mbali zaidi mashariki. Matatu zikaingia, nazo zilipata jina lao kutokana na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu zichukue abiria bila leseni iliyotakiwa kwa mabasi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Buruburu ikaanza kujengwa, awamu baada ya awamu, nyumba nzuri za kununuliwa kwa mkopo, zimepangwa kuzunguka kiwanja kimoja, kila jirani akitazamana na jirani yake.

Si jambo baya kupata nyumba, wala si dhambi kununua gari. Gari ni baraka. Limewahi kuokoa mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane. Limewahi kupeleka maiti nyumbani kwa heshima. Lakini kila baraka huja na swali lake. Zamani aliyetembea alimwona jirani uso kwa uso. Leo kioo kimepandishwa, na jirani amekuwa kivuli tu kinachopita dirishani.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 twasoma habari za mtu aliyekuwa na gari. Ndiyo, Biblia yetu ya Kiswahili hutumia neno lilo hilo, gari. Alikuwa Mwafrika, mtu mkubwa, mwenye kuitunza hazina yote ya malkia wa Kushi. Alikuwa ametoka Yerusalemu kuabudu, yu njiani kurudi kwao, katika njia ya jangwa iteremkayo kwenda Gaza. Filipo hakuwa na gari. Yeye alikuwa kwa miguu, akakimbia mpaka akalifikia gari lile, akamsikia mwenyewe akisoma kitabu cha nabii Isaya.

Tuangalie mambo matatu juu ya mwenye gari huyu.

La kwanza, yeye ndiye aliyemwomba Filipo apande. Filipo alimwuliza tu kama ayaelewa anayoyasoma, hakuomba kupandishwa. Mkubwa yule ndiye aliyemsihi apande, aketi pamoja naye. Mara nyingi twasema, "Jirani akitaka nafasi, si aseme?" Lakini mwenye shida huona haya. Ni vigumu kwa mtu mzima kusimama kando ya gari la mwenzake na kugonga kioo. Yampasa mwenye kiti kitupu aanze yeye kusema.

La pili, hakumwita Filipo kwa kumhurumia. Alimwita kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na haja. Alikuwa na cheo, fedha na gari, lakini alikuwa na giza moyoni, na aliyekuwa na taa ni yule mtembea kwa miguu. Ndugu mwenye gari, je, tunajua ni nani amesimama pale kituo cha Mutindwa? Huenda ni mzee aliyepita katika majaribu yale yale yanayotusumbua leo, naye ana neno la kutuponya. Saa moja na nusu ni muda mrefu wa kukaa peke yako na mawazo ya madeni, ya mtoto aliyepotoka, ya ugonjwa ambao hujamwambia mtu. Wapo wengi wanaolia ndani ya magari, kisha hupangusa uso kabla ya kufika ofisini.

La tatu, wakati ulipofika aliamuru gari lisimame. Haraka ya safari haikumzuia. Walishuka wote wawili majini, akabatizwa, kisha akaenda zake akifurahi. Gari ni lile lile, njia ni ile ile ya jangwa, lakini msafiri si yule tena.

Twajua mtauliza maswali, nayo ni maswali ya haki. Mtu atasema, "Mnatuambia tumpakie kila mtu? Hamjasikia habari za wezi wa magari?" Tumesikia. Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake wawe na busara pamoja na upole. Hatuwaambii mfungue mlango gizani kwa mtu msiyemjua. Mwingine atasema, "Sheria je?" Gari linalobeba abiria kwa malipo lapaswa kuwa na leseni na bima ya kazi hiyo, na Mkristo aitii sheria. Lakini hatuzungumzi juu ya biashara. Twazungumza juu ya ujirani, ambao hauna nauli.

Basi tuanze wapi? Tuanze pale langoni petu. Katika mitaa yetu mingi leo nyumba kumi au ishirini zina lango moja na mlinzi mmoja. Kila asubuhi magari hutoka katika lango hilo moja, moja nyuma ya jingine, yakienda mji huo huo mmoja, kila moja na mtu wake mmoja. Huyo wa mlango wa pili si mgeni wa gizani. Tatizo ni kwamba hatumjui jina. Twalijua gari lake na nambari yake, twajua hutoka saa ngapi. Jina lake, hapana. Kumbe kiti kitupu garini hutoka katika nafasi tupu iliyo moyoni. Tukiijaza ya moyoni, ya garini itajaa yenyewe.

Kadhalika kanisani. Jumapili twakaa benchi moja, twashika kitabu kimoja cha nyimbo, twapeana mkono wa amani. Jumatatu yule yule dada tuliyempa mkono yuko kituoni amelowa, nasi twapita na kiti kitupu. Je, amani ile ilikuwa ya Jumapili tu? Wazee wa kanisa, na vikundi vya ujirani vinavyokutana nyumbani katikati ya juma, wangeweza kuuliza swali moja jepesi: Nani hutoka saa ngapi, na nani huenda upande gani? Majirani wawili wakipokezana magari, leo la huyu na kesho la yule, petroli hupungua, na gari moja limetoka katika foleni.

Nasi tusio na magari tunalo neno letu. Ukipewa nafasi, fika kabla ya saa, usimngojeshe mwenzako. Usiifanye fadhili kuwa haki. Usichukue siri za garini ukazipeleka kisimani. Na siku ukiweza, changia petroli kwa moyo wa ndugu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata garini liko jembe.

Na kwa siku ambazo viti vitabaki vitupu, kwa kuwa zitakuwapo, bado barabara ni mahali pa kumtumikia Mungu. Anayepanda kwa gari njia ya waendao kwa miguu ili apite foleni amewanyang'anya maskini kitu pekee walichobakiziwa. Anayepita dimbwi kwa kasi amemharibia mtu nguo moja ya kazini. Kumwachia mama avuke ni sekunde chache tu, nazo mbinguni zaonekana.

Wakazi wa Eastlands wanajua kwamba katika mitaa yetu uko mtaa uitwao Jerusalem, na mwingine uitwao Jericho, nayo haiko mbalimbali. Bwana Yesu alisimulia juu ya njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, na mtu aliyelala kando yake amejeruhiwa. Kuhani alipita, Mlawi alipita. Msamaria alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, na bila shaka yeye akaenda kwa miguu. Sisi hatuombwi kushuka tukatembea. Tunaulizwa tu juu ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

Njia ile bado iko. Kesho alfajiri itakuwa imejaa magari tena. Basi kabla ya kuwasha gari, tutazame kiti cha kando, tumwulize Bwana, "Hiki umempa nani?"

Na tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, twakushukuru kwa kazi za mikono yetu, na kwa njia tuzipitazo kwenda na kurudi. Uwalinde leo madereva wa magari, wa matatu na wa pikipiki, na makanga mlangoni, na wote waendao kwa miguu. Uwakumbuke wanaochelewa na wanaofukuzwa kwa kuchelewa. Utufumbue macho tuwaone jirani zetu, utufundishe majina yao, utupe busara bila woga na ukarimu bila majivuno. Turejee jioni nyumbani, watuone watoto wetu kabla hawajalala. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.