Leseni ya Rubani ni Neno la Taifa



Tarehe 22 Mei 2020, ndege ya Airbus A320 ya shirika la ndege la Pakistan, PIA, ikitoka Lahore, ilianguka juu ya nyumba za watu karibu na uwanja wa Karachi. Kati ya watu 99 waliokuwamo, 97 walifariki. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Juni, Waziri wa Usafiri wa Anga, Ghulam Sarwar Khan, alilisomea Bunge taarifa ya awali ya uchunguzi. Ndege ilikuja kutua ikiwa juu mno. Waongozaji wa ndege waliwaonya marubani. Injini zilisugua njia ya kurukia kwa sababu magurudumu hayakuwa chini, ndege ikapaa tena, kisha injini zote mbili zikapoteza nguvu. Waziri akaongeza jambo lililoitikisa dunia: marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni za kutiliwa shaka, kwa kuwa mitihani yao ilifanywa na watu wengine.

Tutenganishe mambo mawili hapa. Taarifa ya ajali ya Karachi haikusema kwamba marubani wale wawili walikuwa na leseni za udanganyifu, na marehemu wasibebeshwe mzigo usio wao. Lakini yale maneno ya pili ya waziri yanatutosha kwa mhadhara mzima. Hoja yangu ni hii: leseni ya rubani si mali ya rubani peke yake. Ni neno ambalo taifa zima linawapa watu wasiolijua. Anayeibia mtihani wa leseni hiyo analitia doa neno la kila mwenzake aliyeupita kwa haki, na gharama yake humfuata yeye, huwafuata wao, na huifuata nchi.

Tuanze na namna jambo lilivyogundulika. Mwaka 2018 ndege ya PIA ilipitiliza njia ya kurukia huko Panjgur, katika jimbo la Balochistan. Wachunguzi walipofungua faili la leseni ya rubani, walikuta tarehe ya mtihani imeangukia siku ya mapumziko ya kitaifa, siku ambayo ofisi za mitihani hufungwa. Kutoka faili hilo wakaenda kwenye mafaili mengine, wakakuta watahiniwa ambao siku ya mtihani walikuwa angani wakirusha ndege. Hapakuhitajika kachero. Palihitajika mtu wa kuweka karatasi mbili mezani, ratiba ya safari na orodha ya mahudhurio, akazisoma pamoja. Kwa miaka mingi hakuna aliyezisoma hivyo, na hilo latuambia kwamba mamluki, yule anayemfanyia mwingine mtihani, hakai peke yake kwenye chumba cha mtihani. Nyuma yake yupo aliyemfungulia mlango.

Kisha yakaja matokeo. Vietnam iliwasimamisha marubani wote wenye leseni za Pakistan. Malaysia ikafanya vivyo hivyo kwa muda. Mwezi Julai 2020 Umoja wa Ulaya ulilifungia PIA anga yake, na Marekani ikaishusha Pakistan daraja la usalama wa anga. Uchunguzi uliofuata uliwasafisha wengi waliotajwa, na leseni zilizofutwa zilikuwa kama 50. Lakini Ulaya haikuondoa katazo lake hadi Novemba 2024, na ndege ya PIA ikarudi Paris Januari 2025. Zaidi ya miaka minne! Fikirini rubani aliyekesha na vitabu, akafeli karatasi moja, akairudia, akapasi kwa jasho lake, kisha akaamka asubuhi Hanoi au Kuala Lumpur akaambiwa asikanyage chumba cha marubani kwa sababu ya jina la nchi lililo kwenye leseni yake. Huyo ndiye aliyeibiwa, na aliyemwibia ni mwenzake wa darasani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika urubani njia hiyo inaweza kuwa ndefu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Januari 2011, ndege ya abiria ilitua Goa, India, kwa gurudumu la mbele kabla ya yale makuu, kinyume kabisa na ufundi wa kutua. Mamlaka ilipochunguza historia ya rubani, ilikuta matokeo ya mtihani aliyoyatumia kupata leseni ya juu yalikuwa ya kughushi. Alipoteza leseni, akakamatwa, na nchi ikalazimika kukagua leseni za maelfu ya marubani wengine. Mwanafunzi anayekamatwa na mwakenya, ile karatasi ya kuibia majibu, kwenye chumba cha mtihani hupoteza mwaka. Anayekamatwa akiwa kapteni ana nyumba ya mkopo, watoto shuleni, na abiria waliokwisha kupanda nyuma yake mara zisizohesabika.

Sheria zenyewe hazina mzaha. Nchini Marekani, aliyedanganya katika mtihani wa nadharia hawezi kuomba leseni wala kufanya mtihani mwingine wowote wa urubani kwa mwaka mzima, na leseni alizokwisha kupata zinaweza kufutwa. Ulaya nayo humfungia mdanganyifu kwa miezi isiyopungua 12. Lakini adhabu kubwa ni rekodi. Baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, Bunge la Marekani liliagiza rekodi za marubani ziwekwe mahali pamoja ili mwajiri azisome kabla ya kuajiri. Kapteni wa ndege ile hakuwa amemweleza mwajiri majaribio yote aliyofeli.

Kazi hiyo ya kukusanya rekodi ilikwenda polepole. Februari 2019, ndege ya mizigo ya Atlas Air ilianguka Trinity Bay, Texas, ikawaua watu wote watatu waliokuwamo. Wachunguzi walikuta kwamba rubani msaidizi alikuwa amefeli mafunzo mara kadhaa kwa waajiri waliotangulia na akaficha. Wakailaumu pia serikali kwa kuchelewesha mfumo wa rekodi. Rubani yule hakuibia mtihani, lakini mzizi ni ule ule: kufeli kulifichwa mahali ambapo kulipaswa kuonekana.

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi. Mtihani wa urubani haukuwekwa ili kuchuja wenye akili na wasio nazo. Umewekwa ili mtu ajue, akiwa bado ardhini, ni wapi asipojua. Ulaya ina karatasi 13 za nadharia kwa leseni ya rubani wa ndege kubwa za abiria, alama ya kupasi ni asilimia 75, na mtahiniwa ana nafasi nne kwa kila karatasi. Waliotunga kanuni hizo walijua watu watafeli, wakawatengenezea mlango wa kurudi. Kufeli kwa uwazi ni sehemu ya usalama. Anayedanganya anaubomoa mlango huo kwa mikono yake.

Kuna pia udanganyifu usio na mamluki, na huu umeenea. Ni kukariri maswali ya mitihani iliyopita, na majibu yake, bila kugusa somo. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto hewa huwa nyepesi, bawa hushika hewa kidogo, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji mbio ndefu kuliko Mombasa. Aliyeelewa somo atahesabu uzito upya hata kama swali halijawahi kuulizwa hivyo. Aliyekariri herufi ya jibu atabaki na herufi.

Najua kinachowasukuma vijana. Ada ni kubwa, familia imekopa, na kurudia karatasi ni gharama juu ya gharama. Kwa hiyo tusiishie kuwahubiria. Nchi zetu zimeridhia Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, na leseni inayotolewa Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe husomwa Doha na Dubai. Mamlaka zetu zilinganishe tarehe za mitihani na ratiba za safari kila mwaka, zisisubiri ajali. Anayefundisha asiwe ndiye anayetahini. Anayefichua udanganyifu alindwe. Na vyuo vipange ada ya marudio mapema, ndani ya gharama ya masomo, ili kufeli kusimfilisi mtu.

Nanyi mnaosomea kazi hii: mkifeli, semeni mmefeli, mkajiandikishe tena. Mwajiri mwenye busara atamwajiri aliyefeli karatasi mbili akazirudia. Aliyenunua zote 13 hana mahali pa kwenda pindi faili lake litakapofunguliwa, na faili hufunguliwa.